Barua ya wazi kwa wakubwa wa hospitali yetu: mashine mnayo, viungo vyetu havipimwi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Afisa Mkuu wa Matibabu,
na Mkuu wa Idara ya Picha,
wa hospitali ya umma ambayo jina lake nimelihifadhi,
Mombasa.

KUH: WAGONJWA WA SKLERODERMA KUPIMWA VIUNGO KWA ULTRASAUNDI

Waheshimiwa,

Salaam zenu. Anayewaandikia ni mgonjwa wenu wa miaka sita, mwanamke wa Majengo, muuza barafu za ukwaju na za embe. Barua mbili nimeshawaletea kwa mkono, ya kwanza kabla ya Ramadhani, ya pili baada ya Idi, na zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Mara tatu nimerudi kwenye dawati la malalamiko. Nimeambiwa nisubiri, nikasubiri. Nimeambiwa faili limepelekwa juu, na huko juu ni wapi sijaambiwa. Leo nasema mbele ya watu. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima, na manesi wa kliniki ya Jumanne wamenitendea wema nisioweza kuulipa. Jina la hospitali sitalitaja kwa sababu ninachotaka ni jambo litengenezwe, na nyinyi wenyewe mnajijua.

Jambo lenyewe ni hili. Hospitali ina mashine ya ultrasaundi inayoweza kuona ndani ya viungo vya watu wenye skleroderma, na kila tukiomba tupimwe nayo tunarudishwa, au tunapimwa visivyo. Matokeo yake tunapewa dawa kwa kukisia, na baadhi ya dawa hizo zikikosewa kipimo zinaua figo.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye friza. Kila alfajiri nilikuwa natoa barafu nizipange, vidole vinageuka vyeupe kama chaki, kisha vya zambarau, kisha vyekundu vya kuwaka. Madaktari wanaiita hali ya Raynaud, kwa jina la Maurice Raynaud, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Mombasa hii, mwezi wa pili, jua la utosi, mimi nimevaa glavu za sufu. Watu walicheka, baadaye wakaogopa. Wapo waliomwambia mwanangu kwamba mamake amerogwa. Wapo walioacha kununua barafu zangu wakidhani wataambukizwa, na ugonjwa huu hauambukizi kabisa. Miaka miwili nilitibiwa baridi yabisi, maana kwetu kila kiungo kinachouma ni baridi yabisi. Mpaka daktari mmoja kijana wa hapo kwenu, Mungu amlipe, akajaribu kuifinya ngozi ya kidole changu ikakataa kufinyika, akautazama mdomo wangu ulioanza kubana, akaandika neno ambalo sikuwahi kulisikia.

Kwa wasiolijua: skleroderma ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu inaumia, na mwili unatengeneza kovu kupita kiasi, kwenye ngozi na ndani pia, kwenye umio, mapafu, moyo na figo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Watu wengi hutazama ngozi wakaishia hapo. Mimi kilichoniondoa kazini ni viungo. Nilishindwa kuvuruga ukwaju, nikashindwa kukama tui, nikashindwa kufunga vifungo vya sare ya mwanangu. Asubuhi mkono unaamka umekunja ngumi isiyofunga wala kufunguka.

Sasa niyaweke malalamiko yangu moja moja.

1. Vidole vya daktari haviwezi kupita ngozi iliyokuwa ngumu.

Daktari anapopima kiungo hubonyeza akitafuta ule ulaini wa kiungo kilichovimba na kujaa maji. Kwa mwenye baridi yabisi ya kawaida njia hiyo inafaa. Kwangu mimi ngozi imewambwa juu ya mfupa kama ngozi ya ngoma. Akibonyeza hasikii kitu, na faili langu limeandikwa mara nne: hakuna uvimbe. Mara zote nne nilikuwa silali kwa maumivu.

Hili halikunipata mimi peke yangu. Mwaka 2010 mtandao wa madaktari wa skleroderma ulioanzia Ulaya ulichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 7,000. Kwa kupimwa na daktari, kama asilimia 16 walikutwa na mchochota wa viungo, yaani kiungo kuvimba na kuwaka kwa ndani. Asilimia 31 walikuwa na viungo vilivyokwisha kukunjika. Asilimia 11 kano zao, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zilikuwa zinakwaruza, na kano kukwaruza ni dalili kwamba ugonjwa ni mkali na figo na moyo viangaliwe kwa karibu. Watafiti wengine walipoweka ultrasaundi juu ya mikono ya wagonjwa kama hawa, wakakuta mchochota kwa watu ambao vidole vya daktari havikuona chochote. Kwa hiyo "hakuna uvimbe" kwenye faili la mgonjwa wa skleroderma maana yake ni kwamba daktari hakuusikia. Yeye si mzembe. Hajapewa macho ya kuonea.

2. Eksirei huja mwisho wa safari.

Inaonyesha mfupa ulioliwa, ncha za vidole zilizoyeyuka, vipande vya chokaa chini ya ngozi. Utando laini unaozunguka kiungo haiuonyeshi, wala ala ya kano, ule mfuko unaoifunika, na huko ndiko mchochota unakoanza. Tena mkono wangu haulali bapa kwenye sahani ya eksirei. Mpiga picha aliubonyeza ulale, nikapiga ukelele.

3. Siku mliyonipima, mlinipima kwa kichwa cha mashine cha kupimia tumbo ndani ya chumba cha baridi.

Hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baada ya barua ya kwanza niliitwa kwa simu. Nilifurahi, nikavuka na mwanangu asubuhi na mapema. Chumba cha ultrasaundi kiyoyozi kilikuwa kinavuma kama kusi. Nikakaa kwenye foleni humo dakika arobaini, na nilipofika kitandani vidole vyangu vilikuwa vyeupe tupu. Jeli ilitoka baridi. Mpimaji, binti mpole, akachukua kile kichwa kilichopinda cha kupimia wajawazito, akakikandamiza juu ya kifundo cha mkono, akaangalia kwa dakika mbili, akaandika: kawaida.

Kichwa kilichopinda hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 5. Yanafika mbali ndani ya tumbo lakini hayaoni vitu vidogo. Kiungo cha kidole kiko milimita chache chini ya ngozi, na kinataka kichwa bapa cha megahezi 10 na zaidi. Halafu kuna Doppler, ule uwezo wa mashine wa kuonyesha damu inayotembea. Palipo na mchochota vishipa hujaa damu na skrini huwaka rangi. Lakini mkono wa mwenye Raynaud ukishikwa na baridi, damu inavikimbia vidole na rangi inazimika. Ukikandamiza kichwa kwa nguvu, vishipa vinabanwa na rangi inazimika vilevile. Kwa hiyo mliuzima ushahidi mara mbili, kisha mkaandika kwamba haupo. Karatasi ile ya "kawaida" ndiyo iliyonyamazisha kila nililosema kliniki baada ya hapo. Daktari aliisoma, akanitazama kama mtu anayetia chumvi.

Nilikopa. Dada yangu akauza bangili yake. Nikapanda treni Miritini hadi Nairobi, kwa daktari wa viungo. Yeye alinipa kwanza taulo la moto nikashika mikono mpaka vidole vikarudi rangi yake. Akapaka jeli nyingi, akakishika kichwa bapa kama anayeogopa kuamsha mtoto, na kwenye kidole kimoja kilichopinda sana aliniambia niutumbukize mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akapima kupitia maji bila kunigusa. Nikaona mwenyewe. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinawaka rangi ya chungwa, na kandokando ya kano mbili kulikuwa na ala nene yenye rangi vilevile. Mkono wa kushoto, ambao nao ulikuwa unaniuma usiku kucha, haukuwaka popote. Akaniambia ule unavutwa na ngozi tu, hauna moto ndani, unataka mazoezi na mafuta na joto, hautaki dawa kali.

Maumivu yaleyale, sababu mbili tofauti, katika mwili mmoja. Hakuna aliyeweza kuzitenganisha kwa kubonyeza.

4. Kukisia kunatupeleka kwenye prednisoloni.

Mgonjwa analia viungo, daktari haoni kitu, foleni ni ndefu. Anaandika prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza mchochota. Mimi niliandikiwa miligramu 30 kwa siku, kwa miezi mitatu, bila presha yangu kupimwa nyumbani wala kliniki kati ya siku hizo. Katika ugonjwa huu, miligramu 15 kwa siku na kuendelea zinajulikana tangu miaka ya 1990 kuwa zinaongeza hatari ya janga la figo la skleroderma: presha inapanda ghafla, figo zinafunga ndani ya siku chache. Dawa za presha za jamii ya captopril zimeokoa wengi tangu zilipoanza kutumika, lakini zikiwahiwa. Mgonjwa anayekuja amechelewa huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, au kaburini.

Dawa hizi si haramu. Kipimo kidogo kina kazi yake. (Na yeyote anayesoma hapa naye anameza prednisoloni, asiikate ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, kukatiza ni hatari nyingine.) Ninachosema ni kwamba mkono wangu wa kushoto ulimezeshwa sumu ambayo haukuhitaji, na mkono wa kulia ungeweza kuanzishwa mapema dawa kama methotreksati, vidonge vya mara moja kwa wiki ambavyo mnavyo kwenye duka lenu la dawa, kabla kidole cha kati hakijakunjika moja kwa moja. Kidole hicho hakinyooki tena. Hakitanyooka.

5. Hatujibiwi.

Hili ni fupi. Barua mbili, mihuri miwili, na ukiacha ile simu moja, hakuna jibu la maandishi hata la kukataa.

Najua mtakayosema, kwa sababu baadhi yake nimeshaambiwa dirishani.

Mtasema ugonjwa ni wa nadra, hauwezi kununuliwa vifaa. Sijaomba mnunue kitu. Kichwa bapa mnacho. Ndicho mnachopimia tezi la shingo na vinundu vya matiti, nimekiona kimetundikwa pembeni ya mashine ileile niliyopimwa. Na mkijifunza kupima viungo, faida hainiishii mimi. Kina mama wa baridi yabisi wanaojaza mabenchi yenu kila Jumanne, wazee wa jongo, watoto wenye magoti yaliyovimba, wote watapimwa na kichwa hichohicho.

Mtasema hamna bingwa wa viungo. Ni kweli mabingwa hao ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Lakini picha inasafiri, mgonjwa ndiye asiyeweza. Mpimaji wenu akifundishwa mikao ya kifundo na vidole, picha zinaweza kutumwa kwa bingwa azisome huko aliko. Mimi nilisafiri kilomita karibu 480 kwenda kuwekewa mkononi kifaa kinachofanana na kile nilichokiacha Mombasa.

Mtasema wajawazito ndio wa kwanza. Wawe wa kwanza. Nimezaa watoto watatu, siwezi kuomba mama mwenye mimba aondolewe kitandani. Naomba nusu siku moja kwa mwezi.

Mtasema ultrasaundi nayo hukosea. Hilo nakubali bila ubishi. Mikono iliyofanya kazi ngumu miaka mingi inaweza kuonyesha unene kidogo usio ugonjwa, na macho mageni huona kitu pasipo kitu. Vipimo vya damu navyo hukosea, maana mchochota unaweza kuwepo na damu ikasoma kawaida. Ndiyo maana daktari wa Nairobi aliweka picha, damu na maneno yangu juu ya meza moja ndipo akaamua. Nyinyi mmeamua kwa karatasi moja iliyopimwa kwa kichwa kisicho chake.

Na kuna jibu ambalo halikusemwa kwa mdomo ila nililisoma usoni kwa karani: kwamba mimi muuza barafu nimejuaje mambo haya. Nimeyajua kwa sababu mwili ni wangu. Mpwa wangu anasoma chuo, hunisomea makala usiku, tunayatafsiri pamoja, na palipotushinda tulimuuliza daktari.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni hivi.

Kila mgonjwa wa skleroderma anayelalamikia mikono apimwe viungo kwa kichwa bapa, kwa picha ya kawaida na kwa Doppler, mikono yote miwili, na ripoti itaje kiungo kwa kiungo na kano kwa kano, na Doppler iandikwe kwa daraja la 0 hadi 3 kama inavyofanywa kwengine. Neno "kawaida" peke yake lisikubaliwe.

Kabla ya kupimwa tupashwe moto. Kiyoyozi kizimwe, jeli iwekwe kwenye maji ya moto, taulo na beseni viwepo chumbani. Beseni nitalileta mimi, nalitoa sadaka.

Wapimaji wawili wafundishwe. Nimesema wawili kwa sababu mmoja akienda likizo huduma inakufa.

Mgonjwa wa skleroderma asianzishwe prednisoloni ya miligramu 15 au zaidi bila daktari mwandamizi kuridhia, na akianzishwa presha yake ipimwe mara kwa mara na aambiwe kwa Kiswahili dalili za figo: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, pumzi kubana, mkojo kupungua. Mimi sikuambiwa hata moja.

Karatasi yangu ya "kawaida" iondolewe kwenye faili, au iandikwe juu yake kwamba kipimo hakikufanywa ipasavyo, na matokeo ya Nairobi yaambatishwe.

Mwisho, nijibiwe kwa maandishi ni wagonjwa wangapi wa skleroderma walio kwenye vitabu vyenu na wangapi wamewahi kupimwa viungo kwa ultrasaundi. Majina sitaki, nataka hesabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inanipa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 35 kinanipa haki ya kupata habari kutoka kwa taasisi ya umma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imewapa siku 21 za kunijibu. Nazihesabu kuanzia leo.

Kliniki yangu ni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Nitakuja na glavu zangu, picha za Nairobi kwenye bahasha ya kaki, na beseni. Nitakaa benchi la mbele, karibu na mlango wa chumba cha picha.

Kwa heshima,

Muuza barafu, Majengo, Mombasa.

(Barua mbili za mwanzo nilizitia sahihi. Hii nimeisema kwa mdomo, mpwa wangu ameichapa, na chini nimeweka dole gumba la kushoto, kwa sababu ncha za vidole vya mkono wa kulia zina vidonda na kalamu haishikiki.)